Abdus Salam: Mwanafizikia wa kwaki aliyeyajua makali ya upweke wa wasomi

Katika kilima cha Makerere, jijini Kampala, jina la Abdus Salam humfikia mwanafunzi wa fizikia kwa njia mbili. Kwanza hulikuta darasani, katika somo la chembe za msingi, pale mhadhiri anapofika kwenye nguvu dhaifu ya nyuklia na nadharia iliyoiunganisha na nguvu ya umeme na sumaku. Baadaye hulikuta katika matangazo ya nafasi za masomo: Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia cha Abdus Salam, kilichoko Trieste, kaskazini mashariki mwa Italia.

Njia hizo mbili zina chimbuko moja, nalo ni miaka mitatu ambayo Salam aliishi Lahore, Pakistan, akiwa profesa kijana asiye na mtu wa kujadiliana naye fizikia. Kumbukumbu ya miaka hiyo haikumtoka. Ilimsukuma kujenga taasisi ambayo kwa miongo kadhaa imewapokea wanasayansi wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na pia ilimfanya aishi hadi mwisho akiwa na miguu katika nchi mbili, bila kutulia katika mojawapo.

Kijana wa Jhang

Abdus Salam alizaliwa tarehe 29 Januari 1926 katika jimbo la Punjab, lililokuwa wakati huo chini ya utawala wa Uingereza, akakulia katika mji wa Jhang. Baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya elimu wa kipato cha wastani. Akiwa na umri wa miaka 14, Salam alifanya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Punjab na kupata alama ambazo hakuna mtahiniwa aliyewahi kuzifikia kabla yake. Alipoingia mjini akiendesha baiskeli yake, watu wa Jhang walijitokeza barabarani kumlaki.

Safari yake ya kwenda Uingereza ilitegemea jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote na kipaji chake. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, fedha zilichangishwa Punjab kusaidia juhudi za vita. Vita vilipokwisha, fedha zilibaki, na serikali ya jimbo ikaamua kuzigeuza kuwa ufadhili wa masomo kwa watoto wa wakulima wadogo. Salam alipata nafasi, akapanda meli mwaka 1946 kuelekea Chuo cha St John's, Cambridge. Wenzake waliopewa ufadhili huo waliambiwa wasubiri mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata India ikagawanywa, na mpango wote ukafa. Lau angechelewa kwa miezi michache tu, yamkini angeishia kuwa mtumishi wa serikali, kazi ambayo baba yake alikuwa amemtakia.

Cambridge alifaulu kwa daraja la kwanza katika hisabati na pia katika fizikia. Kazi iliyomtangaza kwa mara ya kwanza, akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu, ilihusu mezoni. Wakati huo mezoni ziitwazo pioni zilikuwa zimegunduliwa miaka michache tu iliyopita, mwaka 1947, na kundi la Cecil Powell katika Chuo Kikuu cha Bristol. Hesabu za nadharia yake zilikuwa zikitoa majibu yasiyo na kikomo, yaani majibu yasiyo na maana. Salam alionyesha namna ya kuyaondoa. Alikuwa na umri wa miaka 24, na wakubwa wa fani yake, kuanzia Uingereza hadi Princeton, Marekani, wakaanza kumfahamu.

Miaka mitatu ya Lahore

Mwaka 1951 alirejea nyumbani kuwa profesa wa hisabati katika Chuo cha Serikali cha Lahore. Alikuta maktaba ambayo majarida yake yalikuwa ya zamani. Hapakuwa na mtafiti mwingine wa fani yake katika nchi nzima wa kumsomea rasimu au kumkosoa. Mkuu wa chuo alimfahamisha kwamba utafiti wake hauhitajiki sana na kwamba, nje ya kufundisha, achague moja kati ya majukumu matatu: kusimamia bweni, kutunza hesabu za fedha za chuo, au kuongoza timu ya kandanda. Salam alichagua kandanda.

Jambo moja la kipindi hicho linaeleza zaidi kuliko mengine yote. Mwanafizikia mkubwa Wolfgang Pauli alikuwa ziarani Bombay, India, akampelekea Salam ujumbe wa kumwalika. Kwa mtu aliyekaa miezi bila kuzungumza na mwenzake wa fani, mwaliko huo ulikuwa kama maji kwa mwenye kiu. Alisafiri mara moja. Aliporudi alikabiliwa na hatua za nidhamu kwa kuondoka kazini bila ruhusa.

Mwaka 1953 ghasia zilizuka Lahore dhidi ya jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo Salam na familia yake walikuwa waumini wake. Jumuiya hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Wakazi wa Kampala wanaujua msikiti wake ulioko Wandegeya, chini tu ya kilima cha Makerere, na mwaka huohuo wa 1953 ndipo ilipotolewa Nairobi tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili ya Sheikh Mubarak Ahmad, kazi ambayo mshairi Kaluta Amri Abedi alishiriki kuisaidia. Waislamu wengi, wa Punjab kama wa pwani ya Afrika Mashariki, hawakuyakubali mafundisho ya Ahmadiyya. Huko Lahore hitilafu hiyo iligeuka kuwa umwagaji wa damu, na jeshi likaitwa kuutuliza mji.

Mwanzoni mwa 1954 Salam alirudi Cambridge kufundisha. Alikuwa ameona kwamba angebaki Lahore, angekwisha kama mtafiti. Lakini kuondoka kulimuuma, na kila alipolizungumzia suala la sayansi katika nchi maskini, alianzia hapo: mtu hapaswi kulazimishwa kuchagua kati ya taaluma yake na nchi yake.

Makosa yaliyomfunza ujasiri

Mwaka 1956, akiwa ndani ya ndege usiku kutoka Marekani, Salam alijiuliza kwa nini nyutrino, chembe isiyo na chaji na ambayo haikudhaniwa kuwa na uzito, inaonekana kutokuwa na uzito wowote. Jibu alilolipata lilihitaji jambo ambalo wanafizikia wa siku hizo hawakulikubali: kwamba maumbile hutofautisha kushoto na kulia. Alipeleka wazo lake kwa Pauli, na Pauli akamjibu kupitia mtu mwingine kwamba atafute jambo bora zaidi la kufanya. Salam akasitasita kulichapisha. Miezi michache baadaye, Januari 1957, majaribio yaliyofanyika Marekani yakathibitisha kwamba maumbile kweli hutofautisha kushoto na kulia. Tuzo ya Nobel ya mwaka huo ilikwenda kwa Tsung-Dao Lee na Chen Ning Yang, waliokuwa wamethubutu kuhoji sheria hiyo hadharani.

Baada ya hapo Salam alichapisha karibu kila alichofikiri. Wenzake walijua kwamba katika mawazo yake kumi, mengi yangeanguka, na kwamba moja lililobaki lingeweza kuwa la thamani kubwa. Mwaka 1957 aliteuliwa profesa katika Chuo cha Imperial, London, na mwaka 1959 akawa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi akiwa na miaka 33.

Miongoni mwa wanafunzi wake Imperial alikuwa Yuval Ne'eman, mwambata wa kijeshi wa ubalozi wa Israel, aliyekuwa akisoma fizikia katika muda ambao kazi ya ubalozi ilimwachia. Salam alimtahadharisha kwamba mada aliyoichagua ilikuwa ngumu na ingeweza kumwacha mikono mitupu. Ne'eman hakurudi nyuma, na mwaka 1961 alifikia, sambamba na Murray Gell-Mann wa Marekani, mpangilio wa chembe nzito katika familia za nane nane. Kutokana na mpangilio huo, mwaka 1964 Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba protoni, nyutroni na mezoni zimeundwa kwa vijenzi vidogo zaidi. Gell-Mann aliviita kwaki, na jina hilo likabaki.

Gari la kifahari na mkokoteni wa ng'ombe

Mwaka 1960, katika mkutano mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mjini Vienna, Salam aliwasilisha kwa niaba ya Pakistan pendekezo la kuanzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Nchi kadhaa tajiri hazikulipenda. Mjumbe mmoja alilinganisha fizikia ya nadharia na gari la Rolls-Royce, akasema nchi maskini zinahitaji mkokoteni wa kukokotwa na ng'ombe. Salam alikuwa na jawabu: fizikia ya nadharia haihitaji maabara ya gharama kubwa, na nchi yenye watu wanaojua kufikiri kisayansi ndiyo itakayojua kuchagua mkokoteni au gari.

Italia iliitoa Trieste, kwa juhudi za mwanafizikia Paolo Budinich, na Kituo kikafunguliwa Oktoba 1964 Salam akiwa mkurugenzi wake. Majengo ya kudumu, huko Miramare kando ya bahari, yalipatikana mwaka 1968.

Mpango uliobeba kumbukumbu ya Lahore waziwazi ni ule wa washirika. Mwanasayansi anayefanya kazi katika nchi inayoendelea aliteuliwa kwa miaka kadhaa, na katika muda huo aliweza kwenda Trieste mara tatu, kwa wiki sita hadi miezi mitatu kila mara, gharama zikilipwa na Kituo. Hakuhitaji kuomba kibali kipya. Aliandika barua tu ya kueleza siku atakayofika. Huko alikuta majarida mapya na watu wa fani yake, kisha akarudi kwao kufundisha. Salam alikuwa ameiandika dawa ya ugonjwa uliomfukuza nyumbani.

Kwa Afrika Mashariki wakati ulikuwa mwafaka. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama chuo cha ufundi, ilikuwa kuanzia 1963 sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Kizazi cha kwanza cha wahadhiri Waafrika wa sayansi kilikuwa kikirejea na shahada za uzamivu kutoka ng'ambo, na wengi walikuta hali ileile: wanafunzi wengi, vipindi vingi, na mtu mmoja tu wa fani yao katika idara nzima.

Nadharia iliyoanguka, na chembe zilizoifufua

Kazi iliyokifanya Kituo kijulikane katika miezi yake ya mwanzo ilihusu kwaki. Ilileta sifa nyingi, kisha ikaanguka, na ndiyo kazi ya Salam ambayo haielezwi mara nyingi nje ya duru za wataalamu.

Mezoni imeundwa kwa kwaki moja na antikwaki moja, yaani kwaki yenye sifa zilizogeuzwa kinyume. Kila kwaki ina spini, mzunguko wa asili usiokoma. Spini za hizo mbili zikielekea pande zinazopingana, hupatikana mezoni ya aina moja. Zikielekea upande mmoja, hupatikana mezoni nyingine iliyoundwa kwa vijenzi vilevile. Mwaka 1964 wanafizikia kadhaa waliona kwamba mezoni hizo mbili zapaswa kuhesabiwa kuwa ndugu, na hesabu za udugu huo zilitoa majibu mazuri ya kushangaza. Tatizo lilikuwa kwamba hesabu hizo zilifaa tu ikiwa kwaki ni kama zimesimama tuli. Hazikuwa na nafasi ya nadharia ya Einstein, inayohusu vitu vinavyokwenda kwa kasi kubwa.

Mwanzoni mwa 1965, Salam pamoja na Robert Delbourgo na John Strathdee walitangaza njia ya kuunganisha udugu huo na nadharia ya Einstein. Magazeti ya London yaliiandika kama ugunduzi mkubwa. Furaha haikudumu mwaka mmoja. Wakosoaji walionyesha kwamba nadharia hiyo, ikisukumwa hadi mwisho, inavunja kanuni kwamba jumla ya uwezekano wa matukio yote lazima iwe moja kamili. Isitoshe, pioni na ndugu yake aitwaye ro hawafanani: ro ana uzito zaidi ya mara tano ya pioni. Ndugu wa aina hiyo ni wa jina tu. Salam aliiacha nadharia na kuendelea na mambo mengine.

Kilichokosekana kilikuwa kwaki nzito, na hakuna aliyekuwa ameiona.

Jambo lililomletea Salam Nobel lilianza katika miaka hiyohiyo. Mwaka 1967 Steven Weinberg, na kwa njia yake mwenyewe Salam katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1968, walitoa nadharia inayosema kwamba nguvu dhaifu ya nyuklia na nguvu ya umeme na sumaku ni sura mbili za nguvu moja. Ilipotumika kwa kwaki tatu zilizojulikana, ilitabiri kwamba mezoni ziitwazo kaoni zingevunjika kwa namna ambayo majaribio hayakuiona. Mwaka 1970 Sheldon Glashow, John Iliopoulos na Luciano Maiani walionyesha kwamba tatizo linaondoka ikiwa ipo kwaki ya nne, nzito kuliko nyingine, waliyoiita chamu.

Mwaka 1973, maabara ya CERN karibu na Geneva ilipata ushahidi wa kwanza wa aina ya msukumo ambao nadharia ya Salam na Weinberg ilikuwa imeutabiri. Mwezi Novemba 1974, makundi mawili nchini Marekani, moja likiongozwa na Samuel Ting na jingine na Burton Richter, yakatangaza kwa wakati mmoja mezoni mpya yenye uzito zaidi ya mara tatu ya protoni. Ilikuwa na kwaki ya chamu na antikwaki yake. Mwaka 1976 zikapatikana mezoni ziitwazo D, zenye kwaki ya chamu moja na mwenza mwepesi. Mwaka 1977 ikaja mezoni yenye uzito wa takriban protoni kumi, iliyobeba kwaki ya tano.

Hapo ndipo udugu ulipoonekana. Mezoni D na ndugu yake wa spini nyingine wanatofautiana uzito kwa chini ya asilimia nane. Kwa mezoni B, zenye kwaki ya tano, tofauti ni chini ya asilimia moja. Sababu yake inaweza kuonwa kwa mfano wa mtoto anayekimbia kuizunguka nguzo. Kwaki nzito ndiyo nguzo. Inakaa karibu tuli katikati. Kwaki nyepesi ndiye mtoto. Mbio zake hazibadiliki nguzo ikiwa ya mvule au ya chuma, wala hajali nguzo imegeuzwa upande gani. Mwaka 1989 na 1990, Nathan Isgur na Mark Wise waliligeuza wazo hilo kuwa nadharia kamili ya mezoni nzito.

Na mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu waliohitaji kuziandika mezoni hizo kwa lugha ya hesabu inayoheshimu nadharia ya Einstein, wakiwemo Faheem Hussain wa Pakistan na Jürgen Körner wa Ujerumani, waliifungua tena kazi ya Salam, Delbourgo na Strathdee ya mwaka 1965. Zana iliyoshindwa kwa chembe nyepesi ilifaa kabisa kwa zile nzito. Ilikuwa imekuja mapema kuliko chembe zilizoihitaji.

Mwaka 1974

Kwa Salam, mwaka huo wa mezoni nzito ya kwanza ulikuwa na jeraha. Tarehe 7 Septemba 1974, bunge la Pakistan lilibadilisha katiba na kutangaza kwamba waumini wa Ahmadiyya si Waislamu. Salam alikuwa mshauri wa sayansi wa rais na serikali tangu 1961. Alijiuzulu. Hakuuacha uraia wa Pakistan, ingawa nchi nyingine zingempokea kwa furaha, na alizidi kuwa mtu wa ibada. Katika mwaka huohuo alichapisha na Jogesh Pati, Mhindi, wazo kwamba kwaki na elektroni ni wa ukoo mmoja na kwamba protoni yenyewe inaweza kuoza. Hadi leo hakuna protoni iliyoonekana ikioza.

Kampala nayo ilikuwa katika majaribu yake. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa mwaka 1970 na Makerere ikawa chuo kikuu cha taifa. Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka. Agosti 1972 aliwapa watu wa asili ya Asia siku 90 kuondoka nchini, na pamoja nao wakaondoka walimu, madaktari na wahadhiri. Makamu mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa mwaka huohuo na hakuonekana tena. Kwa mhadhiri wa fizikia aliyebaki, fedha za kigeni za kununulia majarida zilikuwa adimu, na kuzifuata habari za kwaki ya nne kulitaka zaidi ya bidii. Kituo cha Trieste kilikuwa na mpango wa kupeleka vitabu na majarida ya msaada katika maktaba za nchi maskini. Mtu akiitazama Lahore ya 1951 na Kampala ya miaka hiyo, tofauti kubwa ni kwamba wa Kampala alikuwa na mahali pa kuandikia barua.

Kilemba mjini Stockholm

Tarehe 10 Desemba 1979, Salam alipokea Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Weinberg na Glashow. Alikwenda akiwa amevaa vazi la Punjab, kilemba cheupe na viatu vilivyopinda ncha, katikati ya wanaume waliovaa makoti meusi. Katika hotuba yake ya usiku wa karamu alitaja aya za Sura Al-Mulk zinazomtaka mtu atazame mbingu na kutafuta kasoro. Alikuwa Mpakistani wa kwanza kupata Nobel, na Mwislamu wa kwanza kuipata katika sayansi, ingawa kwa katiba ya nchi yake hakuruhusiwa kuitwa hivyo.

Mwaka 1981 alisafiri hadi Calcutta kumtafuta Anilendra Ganguly, mwalimu wa Kihindu aliyemfundisha hisabati Lahore kabla ya mgawanyo wa India. Mzee alikuwa mgonjwa kitandani. Salam alimpa nishani ya Nobel mkononi na kumwambia kwamba ilikuwa yake.

Mwaka 1983 alianzisha Akademia ya Sayansi ya Ulimwengu wa Tatu, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa Thomas Odhiambo wa Kenya, mtaalamu wa wadudu aliyepata elimu yake ya juu ya mwanzo Makerere. Mwaka 1987 Salam alitaka kugombea uongozi wa UNESCO. Serikali ya Pakistan ilimpendekeza mtu mwingine. Mwaka 1991 Kituo cha Trieste kilianzisha stashahada ya mwaka mmoja kwa vijana waliomaliza shahada ya kwanza katika vyuo visivyo na walimu wa kutosha wa fizikia ya juu, na fizikia ya chembe ilikuwa miongoni mwa masomo yake.

Wakati huo maradhi ya mishipa ya fahamu yalikuwa yamekwisha kumnyima uwezo wa kutembea na yakaanza kumnyima sauti. Alifariki Oxford tarehe 21 Novemba 1996, akiwa na umri wa miaka 70. Mwili wake ulirudishwa Pakistan na kuzikwa Rabwah, karibu na wazazi wake. Jiwe la kaburi liliandikwa kwamba alikuwa Mwislamu wa kwanza kupata Nobel ya sayansi. Neno Mwislamu lilifutwa baadaye kwa amri ya wenye mamlaka, na sentensi iliyobaki haina maana kamili.

Mwaka 1997 Kituo cha Trieste kilipewa jina lake. Mwaka 2018 tawi shirika la Kituo hicho, Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, lilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda mjini Kigali, likipokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka kanda nzima. Kutoka Kampala hadi huko ni safari ya basi ya usiku mmoja, kupitia mpaka wa Katuna. Mwezi Februari 2019, kwa mgogoro wa kisiasa kati ya Kigali na Kampala, mpaka huo ulifungwa, na haukufunguliwa tena hadi mwisho wa Januari 2022.